Tohara mkoani Tabora: inakukinga kiasi gani na VVU, na inaishia wapi

Swali moja kuhusu tohara ya wanaume hurudi kila tunapozungumzia VVU hewani. Huja kwa namna mbili. Wapo wanaouliza: kama tohara inakinga, mbona bado mnatuambia tutumie kondomu? Na wapo wanaoligeuza: kama hata aliyetahiriwa anaambukizwa, basi tohara ina faida gani?

Maswali yote mawili ni ya haki, na dakika chache za redio hazitoshi kuyajibu. Tumeandika makala haya ili msikilizaji ayasome kwa nafasi yake, amsomee na mwenzake nyumbani, kisha waamue.

Jibu fupi ni hili. Tohara iliyofanywa na mtaalamu hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Haiumalizi. Haimkingi mwanamke moja kwa moja. Haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Jibu refu linahitaji kuangalia mkoa wetu ulivyo na ulivyofikia hapo.

Dar es Salaam na Tabora

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI na malaria wa mwaka 2011-12 ulipima damu za watu wa umri wa miaka 15 hadi 49. Mkoani Tabora walioonekana kuwa na VVU walikuwa asilimia 5.1. Mkoani Dar es Salaam walikuwa asilimia 6.9. Na Dar es Salaam karibu wanaume wote wametahiriwa, wakati Tabora hali haikuwa hivyo.

Ukiziangalia namba hizo peke yake, unaweza kusema tohara haina maana. Lakini hatari ya mtu kuambukizwa haitokani na jambo moja. Inategemea ana wenzi wangapi, wenzi hao nao wana nani, kondomu inatumika au haitumiki, kama kuna magonjwa mengine ya ngono, na kama mwenye VVU anameza dawa zake. Jiji kubwa lenye wageni wengi na wenzi wa kupita lina hatari zake ambazo tohara peke yake haiwezi kuzizuia.

Mwenye mwavuli akitembea kutwa nzima kwenye mvua kubwa ataloa kuliko asiye na mwavuli aliyetoka mara moja kwenye manyunyu. Hilo halifanyi mwavuli kuwa kitu kisichofaa. Swali la maana ni hili: watu wawili wakitembea kwenye mvua ileile, mmoja ana mwavuli na mwingine hana, nani ataloa zaidi? Swali hilo limekwisha kupimwa kitaalamu, na tutalifikia. Kwanza tuone kwa nini Tabora ilikuwa na wanaume wengi wasiotahiriwa.

Desturi iliyofika na misafara

Katikati ya karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha biashara katika nchi ya Unyanyembe. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa, na kutoka hapa njia ziligawanyika kwenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, na tembe la Kwihara ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872 lipo hadi leo kama makumbusho.

Misafara ilileta vitambaa na bunduki, ikaondoka na pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa. Ilileta pia lugha ya Kiswahili na dini ya Kiislamu. Pamoja na dini hiyo ikaja desturi ya kuwatahiri watoto wa kiume, ile ambayo watu wa pwani huiita jando. Desturi hiyo ilishika mizizi mjini Tabora na kwenye vituo vya biashara, ambako Waarabu, Waswahili, Wamanyema na Wanyamwezi waliosilimu waliishi pamoja.

Vijijini mambo yalikuwa mengine. Wanyamwezi na Wasukuma kwa asili yao hawakuwa na jando. Mvulana wa Kinyamwezi hakuhitaji kutahiriwa ili ahesabiwe kuwa mwanamume. Safari ya kwenda pwani na kurudi na mzigo ilimpa heshima hiyo. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 upagazi ulififia, lakini tofauti kati ya mji na kijiji kuhusu tohara ilibaki. Baadaye shule za bweni, jeshi, misheni na kazi za mijini zilifanya vijana wengi zaidi watahiriwe, wengine kwa kufuata wenzao, wengine kwa usafi.

Ndiyo maana mkoa mmoja una familia ambazo tohara kwao ni jambo la vizazi vitano, na jirani zao ambao babu, baba na mjomba hawakutahiriwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007-08 ulionyesha kwamba waliotahiriwa mkoani Tabora walikuwa chini ya nusu ya wanaume, wakati kwa nchi nzima walikuwa karibu 7 kati ya 10.

Hatuelezi historia hii ili kumcheka mtu yeyote au kusifu mila moja juu ya nyingine. Tunaieleza kwa sababu bado inawazuia watu. Yupo anayedhani kwenda kutahiriwa zahanati ni kubadili dini. Yupo anayeona ni kuiacha mila ya baba yake. Tohara inayotolewa na idara ya afya haihusiani na dini wala kabila. Ni upasuaji mdogo wa kinga, na Mkristo, Mwislamu na mwenye dini ya jadi wote huupata kwa namna moja.

Namna ilivyopimwa

Miaka ya 1980 na 1990 madaktari waliona kwamba katika maeneo ya Afrika ambako wanaume hawatahiriwi, mara nyingi VVU vilikuwa vingi zaidi. Lakini kuona tu hakutoshi. Pengine waliotahiriwa walikuwa na mwenendo tofauti, au dini yao iliwakataza pombe. Ilibidi kupima.

Vipimo vikubwa vitatu vilifanyika: Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya, na Rakai nchini Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera. Wanaume zaidi ya 10,000 wasiokuwa na VVU, ambao wenyewe walikubali kutahiriwa, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walitahiriwa mara moja. Nusu waliambiwa wasubiri. Wote walipewa ushauri uleule na kondomu zilezile, kisha wakafuatiliwa.

Matokeo ya Orange Farm yalitoka mwaka 2005. Ya Kisumu na Rakai yalichapishwa Februari 2007, baada ya majaribio yote mawili kusimamishwa kabla ya muda wake Desemba 2006, kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wale wa kundi la pili. Kwa ujumla, maambukizi mapya kwa waliotahiriwa yalikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu, yakikaribia asilimia 60.

Asilimia 60 maana yake nini kwa lugha ya kawaida? Fikiria wanaume 100 wasiotahiriwa ambao, kwa mwenendo wao, wangeambukizwa katika kipindi fulani. Kama wote wangekuwa wametahiriwa, takriban 60 wangeepuka. Takriban 40 wangeambukizwa vilevile. Hao 40 ndio sababu tunasema kondomu bado inahitajika. Wale 60 ndio sababu tunasema tohara ina faida.

Sababu yenyewe iko kwenye ngozi. Upande wa ndani wa govi ni laini na mwembamba, huchanika kwa urahisi, na una seli nyingi za aina ambayo VVU huzitafuta ili kuingia mwilini. Unyevu unaokaa chini ya govi nao husaidia vijidudu kuishi muda mrefu zaidi. Govi likiondolewa, ngozi inayobaki huwa ngumu zaidi na kavu zaidi. Lakini bado ni ngozi, na VVU bado vina njia nyingine, ikiwemo mdomo wa njia ya mkojo na vidonda vya magonjwa ya ngono.

Kwa nini sisi, na si Thailand

Msikilizaji anaweza kuuliza kwa nini tohara inahimizwa sana kwetu, wakati nchi nyingine zimepambana na VVU bila kuitaja. Jibu ni kwamba kila nchi inatakiwa kuangalia ugonjwa unapita wapi.

Mfano mzuri ni Thailand, kule Asia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 VVU huko vilikuwa vikienea kwa kasi kupitia madanguro. Mwaka 1989 mkoa wa Ratchaburi ulianza utaratibu wa kondomu asilimia 100: kila danguro, kila mteja, kila mara, na danguro lisilofuata linafungwa. Mwaka 1991 serikali iliufanya utaratibu huo kuwa wa nchi nzima. Matumizi ya kondomu yalipanda sana na maambukizi mapya yakashuka. Njia kubwa ya ugonjwa ilijulikana, nao wakaiziba hapo.

Afrika mashariki na kusini, VVU havikukaa mahali pamoja namna hiyo. Vilienea kati ya wanaume na wanawake wa kawaida, wakulima, walimu, madereva, wenye ndoa na wasio na ndoa. Huwezi kuweka mlinzi kwenye mlango wa kila nyumba. Hapo kinga ambayo mwanamume anaipata mara moja na kubaki nayo maisha yake yote ina uzito mkubwa. Machi 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS walipendekeza tohara kuwa moja ya njia za kinga katika nchi zenye VVU vingi na wanaume wachache waliotahiriwa. Nchi zilizopewa kipaumbele zote ziko mashariki na kusini mwa Afrika, na Tanzania ni mojawapo. Tangu hapo wanaume na wavulana zaidi ya milioni 30 wametahiriwa katika nchi hizo.

Tanzania nayo haikuipeleka huduma kila mahali kwa uzito mmoja. Pwani na Tanga hazikuhitaji kampeni, maana jando liko pale toka zamani. Nguvu zilielekezwa kwenye mikoa yenye tohara chache, ikiwemo Iringa, Mbeya, Rukwa, Kagera, Mwanza, Shinyanga na Tabora. Huduma ilitolewa bure hospitalini na kwenye vituo vya afya, na pia kwenye kambi za muda zilizopelekwa vijijini.

Wavulana walikuja, baba zao hawakuja

Kampeni zilipoanza, watu walikuja kwa wingi. Lakini waliokuja zaidi walikuwa wavulana, wengi wao wa umri wa miaka 10 hadi 14. Si jambo baya, maana wanakua wakiwa na kinga. Tatizo ni kwamba mvulana wa miaka 11 hatazamiwi kukutana na VVU leo. Anayekutana navyo leo ni mwanamume wa miaka 20, 25 au 34. Huyo ndiye aliyekuwa haonekani kwenye foleni. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaoweka mkazo kwa wenye umri wa miaka 15 na kuendelea.

Kwa nini watu wazima hawaji? Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, tawi la Mwanza, pamoja na washirika wake, ililishughulikia jambo hili hapa Tabora na mkoani Njombe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Sababu zinazotajwa na wanaume wa mikoa kama yetu zinafahamika: aibu ya kupanga foleni na watoto, kuonwa na wauguzi wanawake, hofu ya maumivu, siku za kazi zinazopotea, wiki sita bila tendo la ndoa, na mke kuuliza unatahiriwa leo kwa ajili ya nani.

Watafiti wakajaribu kubadilisha namna ya kutoa huduma. Watu wazima walitengewa mazingira yenye faragha zaidi, wanaume wa rika lao wakawahamasisha, na wanawake wakashirikishwa. Njombe tofauti haikuonekana sana. Lakini Tabora, wanaume wa miaka 20 hadi 34 waliojitokeza kwenye vituo hivyo walikuwa karibu mara mbili ya wale wa vituo vya kawaida. Maana yake ni kwamba mwanamume wa Tabora hakuwa amekataa tohara. Alikuwa amekataa kuvuliwa heshima yake mbele ya watoto.

Kuna jambo la msimu pia. Wengi hupenda kutahiriwa miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, wakiamini kidonda hupona haraka. Kwa kweli kidonda kikitunzwa kwa usafi hupona msimu wowote. Na kwa mkulima wa tumbaku wa Kaliua, Urambo au Sikonge, miezi hiyo mara nyingi ndiyo ya masoko, mizigo na malipo ya chama cha msingi. Pia ndiyo miezi ambayo fedha ipo mfukoni, wageni wamejaa kwenye senta, na hatari ya kuambukizwa iko juu. Akisema atakwenda akimaliza kuuza tumbaku, huenda akawa anakwenda amechelewa.

Ukifika kituoni

Kwanza utapewa ushauri na kuulizwa kama unakubali kupimwa VVU. Hulazimishwi. Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari na majibu yawe siri. Mwaka 2019 Bunge liliifanyia marekebisho: sasa kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupimwa, na mtu anaweza kujipima kwa kitepe cha kujipimia. Kitepe kikionyesha dalili ya maambukizi, jibu hilo si la mwisho. Ni lazima uthibitishe kituoni.

Tunakushauri ukubali kupimwa. Wapo wanaume ambao hawajawahi kupima hata mara moja, na siku ya tohara ndiyo siku pekee wamekaa mbele ya mhudumu wa afya wakiwa wazima. Ukikutwa una VVU, utaanzishiwa dawa, ambazo ni bure. Tangu mwaka 2016 mwongozo wa nchi unasema kila anayekutwa na VVU aanze dawa, bila kungoja kinga ya mwili ishuke.

Baada ya hapo mhudumu atakuangalia kama una kidonda, usaha au ugonjwa mwingine unaotakiwa kutibiwa kwanza. Ukiwa salama, utachomwa sindano ya ganzi. Upasuaji wenyewe huchukua takriban nusu saa, nawe unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Utaambiwa urudi baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki moja, ili kidonda kiangaliwe. Usiache kurudi kwa sababu unajiona mzima.

Kazi nzito, kama kulima, kubeba mizigo au kuendesha baiskeli safari ndefu, iache kwa siku kadhaa kadiri utakavyoshauriwa. Usipake kidonda majivu, mavi ya ng'ombe wala dawa ya majani. Ukiona damu haikomi, uvimbe unaongezeka, usaha unatoka au homa inapanda, nenda kituoni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Tendo la ndoa na kujichua uache kwa wiki sita. Hapa hatupunguzi hata siku moja. Kidonda kinaweza kuonekana kimekauka kwa nje wakati ndani hakijafunga. Ukikutana na mwanamke kabla ya wiki sita, umefungua mlango mpana kuliko ule uliokuwa unataka kuufunga. Na kama wewe ndiye mwenye VVU, hatari kwake inaongezeka.

Kuhusu ngariba na watu wanaotahiri mitaani: kisu kimoja kwa vijana wengi kinaweza kupitisha VVU na homa ya ini, na kidonda kinaweza kuingia pepopunda. Pia wakati mwingine govi hukatwa sehemu tu. Kama ulitahiriwa utotoni na huna hakika, mhudumu wa afya anaweza kukuangalia na kukuambia.

Mwanamke anapata nini

Hapa tuseme kweli. Tohara ya mwanamume mwenye VVU haimkingi mke wake. Kwa nchi yetu, wanawake ndio wameathirika zaidi: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022-23 ulionyesha asilimia 5.6 ya wanawake wa umri wa miaka 15 na kuendelea wana VVU, na asilimia 3.0 ya wanaume. Kinga inayomfunika mwanamume peke yake haiwezi kutosha.

Faida kwa mwanamke ipo, lakini inapita kwa mzunguko. Mume asiyeambukizwa hawezi kumletea VVU nyumbani. Pia waliotahiriwa hubeba kwa uchache zaidi virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Hii ni sababu nzuri ya mke na mume kulizungumza jambo hili mapema. Mume akienda kimyakimya, mke atadhani anajiandaa kwa safari nyingine. Wakienda pamoja, wote wawili hupima, na zile wiki sita zinakuwa makubaliano yao badala ya ugomvi.

Na kama mmoja ana VVU, kinga kubwa kuliko zote kwa mwenzake ni dawa. Mtu anayemeza ARV kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Utafiti huohuo wa 2022-23 ulikuta kwamba kati ya watu wazima wenye VVU nchini, asilimia 82.7 walijua hali zao. Kati ya waliojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa; na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Tazama namba hizo: anayejua, anaanza dawa, anayeanza, anafanikiwa. Pengo kubwa liko kwenye kujua.

Usingoje kambi

Sehemu kubwa ya huduma za tohara zilizofika vijijini ililipiwa na fedha za Marekani kupitia mpango wa PEPFAR. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo ilisimamisha misaada yake ya nje. Ruhusa iliyotolewa baadaye ili huduma za kuokoa maisha ziendelee ilitaja dawa za ARV na upimaji, tohara haikuwemo. Kwa hiyo anayesubiri hema na gari la matangazo vifike kijijini kwake, kama miaka iliyopita, asiweke matumaini yake yote hapo.

Nenda ukaulize kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu nawe: tohara inatolewa siku zipi, ipo siku ya watu wazima, na kama kuna malipo ni kiasi gani. Uliza pia kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kama swali hilo ni gumu kuulizwa mbele ya watu, fika asubuhi mapema, uombe kuzungumza na mtaalamu faraghani. Ni haki yako.

Tukumbushane

Kama hujatahiriwa na huna VVU, tohara itakupunguzia hatari kwa zaidi ya nusu, na utabaki nayo maisha yako yote.

Kama umetahiriwa tangu utotoni, kwa jando au kwa sababu yoyote, una kinga ya sehemu. Bado unahitaji kondomu kwa mwenzi ambaye hujui hali yake, na bado unahitaji kupima.

Kama una VVU, kinachokulinda wewe na mwenzako ni dawa kila siku. Ukisafiri kwenda shamba la mbali, mnadani au machimboni, beba dawa za kutosha na kadi yako ya kliniki, na ukikaa sana uombe kuhamishiwa kituo cha huko.

Kama wewe ni mke, una haki ya kuuliza na kushirikishwa. Kama wewe ni mzazi wa kijana wa miaka 15 na zaidi, zungumza naye sasa, kabla rika lake halijamwambia lake.

Katika vipindi vyetu vya afya tutaendelea kupokea maswali kuhusu jambo hili. Yaleteni, hata yale mnayoona aibu kuyataja. Hatutataja jina la aliyeuliza.